Kibati cha Mashine Namba Tatu

Mwenzenu mmoja alikuja kwangu hapa Mafiga wiki iliyopita kunionyesha programu aliyoiandika. Programu yenyewe ilikuwa nzuri kuitazama. Alikuwa na thredi nane, yaani mikondo minane ya kazi ndani ya programu moja, zinazoenda kwa pamoja, na zote zinasoma na kubadilisha kitu kimoja. Nikamwuliza, "Hapa katikati, nani ameshika?" Akatabasamu, akasema, "Bibi, inafanya kazi. Nimeijaribu." Nikamwambia afunge kompyuta yake aende zake, na sikumwambia kwa upole. Alitoka bila hata kumaliza chai.

Naandika haya kumwomba radhi. Naandika pia kwa ninyi wengine mnaopita hapa mkitoka chuoni Mzumbe na kwingineko, mkisikia kuna bibi kizee aliyeandika programu kiwandani enzi za ubinafsishaji. Mnataka nicheke nanyi juu ya diski laini na skrini za kijani. Nitacheka kidogo. Lakini ninachotaka kuwaeleza hasa ni kibati cha mashine namba tatu, na mkono wa Fundi Kibwana.

Nilizaliwa Kinole, kule juu Uluguru, nikashuka mjini nikiwa msichana nikapata kazi ya kupiga chapa katika kiwanda cha unga na chakula cha mifugo. Jina la kiwanda sitalitaja. Wakati huo kilikuwa cha shirika la umma, na kila kitu kilikuwa na muhuri wake, fomu yake, na mtu wa kuitunza hiyo fomu. Ofisi yangu ilipakana na karakana. Ukutani pale karakana palikuwa na ubao wa mninga wenye misumari saba, na kwenye kila msumari kilitundikwa kipande cha shaba chenye tundu, kimegongwa namba. Hivyo ndivyo vibati. Kila mashine na kibati chake.

Sheria yake ilikuwa fupi. Bila kibati cha mashine, huigusi. Fundi anayetaka kuingiza mkono ndani anachukua kibati. Mwendeshaji anayetaka kuiwasha naye anachukua kibati kile kile. Kwa kuwa ni kimoja, hawawezi kuwa nacho wote wawili. Basi.

Mlinzi wa desturi hiyo alikuwa Fundi Kibwana, Mluguru mwenzangu wa upande wa Matombo, mfupi, mwenye sauti kubwa kuliko kifua chake. Siku yangu ya kwanza nilipita karakana, nikagusa kibati kwa sababu kiling'aa. Alipaza sauti kiasi kwamba nilikiangusha.

"Shikamoo, fundi," nikasema.

"Marahaba. Umeshika mashine gani?"

"Sijashika mashine. Nimeshika hiki tu."

"Hicho ndicho mashine," akasema. "Ukikishika wewe, kiwanda kizima kinakungoja wewe. Haya, nikabidhi."

Nikataka kukirudisha msumarini. Akakataa. Akanifundisha kwamba kama kuna mtu anakingoja, kibati hakirudi msumarini. Kinatoka mkono kwenda mkono. Anayetoa anasema, "Namba tatu hiyo." Anayepokea anakishika kwanza, ndipo anasema, "Namba tatu ninayo." Mpaka maneno hayo yasikike, anayetoa haachii. Kwa hiyo kuna nukta mbili tatu ambapo watu wawili wamekishika pamoja, lakini hakuna hata nukta moja ambapo hakijashikwa na mtu. Niliona ni mbwembwe za wazee. Nilirudia maneno yale mbele yake mara tatu mpaka aliporidhika, nikaenda kuchapa barua zangu.

Mambo ya vibati yalikuwa na vichekesho vyake. Siku moja Kibwana alikuwa na kibati cha namba tatu, ambayo ni tangi la kuchanganyia, lakini ili amalize kazi alihitaji pia namba mbili, mkanda unaolilisha tangi. Namba mbili alikuwa nayo fundi umeme, mzee mwenzake, ambaye naye ili amalize alihitaji namba tatu. Wote wawili wakaja kukaa kwenye benchi la nje, kila mmoja anamngoja mwenzake amalize. Na kwa kuwa kumwuliza mzee mwenzako umemaliza saa ngapi ni sawa na kumharakisha, hakuna aliyeuliza. Wakaulizana habari za nyumbani, za mvua, za mguu wa fulani. Kengele ya chakula ikalia wangali wamekaa, vibati mifukoni, kiwanda kimesimama. Meneja wa wakati huo aliwakuta wakimenya chungwa. Kuanzia hapo Kibwana akaweka sheria: anayehitaji viwili aanze na chenye namba ndogo, siku zote, awe nani. Halikutokea tena. Miaka mingi baadaye nilikuta jambo hilo hilo kwenye kitabu cha programu, na dawa yake ni hiyo hiyo, ila kitabuni hakuna chungwa.

Kisha yakaja mageuzi. Ninyi mnasoma soko huria darasani kama sura ya kitabu. Sisi tuliliona kwenye mlango wa kantini, mahali ilipobandikwa orodha ya waliopunguzwa. Shirika likauzwa, akaja mwekezaji, na pamoja naye meneja mpya kijana, mwenye tai hata mwezi wa kumi na mbili jua likiwaka. Mume wangu alikuwa kiwanda kingine, naye akapunguzwa mwaka ule ule. Mimi nilibaki kwa sababu meneja alitaka mtu wa kufundishwa kompyuta, na kati ya wanawake wa ofisini mimi ndiye niliyechapa haraka kuliko wote. Nikapelekwa Dar kwenye kozi ya miezi kadhaa. Nilirudi na cheti, kitabu cha Java, lugha ya kuandikia programu, kisicho na jalada, na kichwa kikubwa.

Kazi yangu ya kwanza kubwa ilikuwa kuviua vibati. Meneja hakupenda shaba. Alitaka ajue akiwa mezani kwake nani ameshika mashine gani na kwa muda gani. Basi kompyuta moja ikawekwa karakana, nyingine chumba cha mitambo ghorofani wanakokaa waendeshaji, na yangu ofisini ikiwa ndiyo mama yao. Nikaandika programu. Kila mashine ikawa na kitu chake ndani ya kumbukumbu ya kompyuta, nacho nilikiita Kibati. Kitu hicho kilijua mambo mawili tu, kwamba kipo au kimechukuliwa, na kama kimechukuliwa, na nani. Kila kompyuta ya nje ilihudumiwa na thredi yake, na thredi zote zilikuja kwenye kitu hicho kimoja kuuliza.

Kibwana alikuwa anakuja ofisini kwangu anakaa, anatazama. Hakujua kusoma Kiingereza, lakini aliniuliza maswali ya mtu anayejua kazi. Toleo la kwanza, mtu akikuta kibati kimechukuliwa, thredi yake ilikuwa inauliza bila kupumzika: kimerudi? kimerudi? kimerudi? Kompyuta ikawa nzito, herufi unaibonyeza sasa inatokea baadaye.

"Mbona wanauliza uliza kama watoto safarini?" akasema. "Wakalishe kwenye benchi."

Nikawakalisha. Thredi ikikuta kibati hakipo inalala, na kibati kikirudi inaamshwa. Lakini niliamsha mmoja tu, yeyote, na mara nyingine aliyeamshwa alikuwa anangoja jambo jingine kabisa, akarudi kulala, na wenye haja wakaendelea kulala naye. Nikamweleza. Akacheka mpaka akajifuta macho.

"Sisi hatumgusi mtu bega. Tunapaza sauti, kimerudi! Wote wanaamka, kila mtu anakuja kutazama mwenyewe."

Nikafanya hivyo. Kwa hiyo msidhani nilikuwa sisikii. Mara mbili nilimsikiliza, na mara mbili programu yangu ikapona. Ya tatu ndiyo sikusikiliza.

Toleo lile lililopona lilikuwa sahihi. Nataka mlijue hilo. Kuchukua kibati kulikuwa na hatua tatu: thredi inatazama kama kipo, inaandika kwenye faili nani ameomba na saa ngapi, kisha inakichukua kwa kuweka jina. Hatua zote tatu nilizifungia ndani ya kufuli moja kwa neno moja la lugha ile, neno linaloiambia kompyuta kwamba hapa wanaingia mmoja mmoja. Mmoja akiwa ndani, wengine wako mlangoni.

Tatizo likawa diski. Ilikuwa kuukuu, imenunuliwa kwa mtu, na kuandika kwenye faili kulichukua muda ambao hata macho yanauona. Kwa kuwa niliandika faili nikiwa ndani ya kufuli, wote walikuwa wanaingoja diski. Waendeshaji wakalalamika. Meneja akaja akasimama nyuma ya kiti changu.

"Bi Zuhura, hii mashine yako inatuchelewesha kuliko vile vishaba vya wazee. Jumatatu wakubwa wanakuja kuiona. Nataka ukibonyeza, ijibu."

Nikalitoa lile neno mahali pale. Kufuli nikalibakiza kwenye kungoja tu, kwa kuwa pale lugha yenyewe inakulazimisha. Kutazama kulikuwa ndani ya kufuli. Kisha thredi inatoka, inaandika faili polepole, halafu ndipo inaenda kuweka jina. Programu ikawa nyepesi. Meneja akafurahi.

Ninyi mmeshaona kosa. Hata mimi leo naliona nikiwa nimefumba macho. Ilinipasa kutazama na kuchukua kwa pamoja, ndani, halafu faili niandike nikiwa nje. Ni kuhamisha mistari miwili. Sikuwaza hivyo. Niliwaza Jumatatu.

Kibwana aliniuliza siku ile ile. Alikuwa amesimama mlangoni, mikono yote miwili ina grisi.

"Mwanangu, hiki chako, nani anamkabidhi nani?"

"Hakuna anayemkabidhi mtu, fundi. Mtu akimaliza kinarudi chenyewe, mwingine anakichukua."

"Kinarudi wapi?"

"Kwenye kumbukumbu ya kompyuta."

"Na kikiwa huko, nani amekishika?"

"Hakuna. Kipo tu."

Akatikisa kichwa. "Basi tukijaribu. Mimi nikae karakana, Gaspari akae juu, wewe hesabu kwa sauti, tubonyeze pamoja. Tufanye hivyo asubuhi nzima."

Nilikuwa nimeshaijaribu peke yangu. Nilibonyeza karakana, nikapanda ngazi mbio, nikabonyeza chumba cha mitambo, na kila mara ilijibu kama inavyotakiwa. Miguu yangu haikuweza kufika juu kabla diski haijamaliza kuandika, kwa hiyo nilichokuwa nikijaribu ni miguu yangu. Lakini nilikuwa na cheti. Nikamwambia, nikicheka, "Fundi, kompyuta siyo watu. Haikosei kwa kuharakishwa."

Akarudi karakana. Jumatatu vibati vya shaba vikakusanywa kwenye boksi, ubao wa mninga ukang'olewa, wakubwa wakapiga makofi.

Ilichukua miezi. Hilo nalo mlijue, maana mnaniambia mmeijaribu wiki nzima. Kosa la namna hii linakaa kimya linangoja watu wawili wafike kwa wakati mmoja, na watu wawili hawafiki kwa wakati mmoja kila siku.

Ilikuwa masika. Mashudu ya alizeti yalikuwa yamelowa njiani, na yakilowa yanaganda ndani ya tangi la namba tatu, kwenye mapanga ya chuma yanayozunguka na kuchanganya. Yakiganda, fundi anafungua dirisha la pembeni anaingiza mkono kuyakwangua. Asubuhi hiyo kibati cha namba tatu alikuwa nacho mpimaji anayechukua sampuli. Kibwana alikuwa anakingoja kwenye kompyuta ya karakana ili akakwangue. Gaspari alikuwa anakingoja juu ili awashe. Gaspari huyu alikuwa mtu wa Songea, mpole, anaimba kwaya, mwendeshaji ambaye sikuwahi kusikia akilaumiwa kwa lolote.

Karibu saa nne mpimaji akamaliza, akarudisha. Programu ikapaza sauti kama Kibwana mwenyewe alivyonifundisha: kimerudi. Thredi zote mbili zikaamka. Moja ikaingia kwenye kufuli, ikatazama, ikaona kipo, ikatoka kwenda kuandika faili. Kabla haijamaliza, ya pili ikaingia, ikatazama, ikaona bado kipo. Zote zikaandika. Zote zikaweka jina, la pili juu ya la kwanza. Skrini ya karakana ikasema KIBATI NI CHAKO. Skrini ya juu ikasema KIBATI NI CHAKO.

Kibwana akatembea hadi kwenye tangi, akafungua dirisha, akaingiza mkono wa kulia mpaka begani. Gaspari akajaza karatasi yake ya mchanganyiko, akabonyeza swichi. Kutoka juu tangi halionekani.

Sitawaeleza sauti. Nilikuwa ofisini, niliisikia kupitia ukuta, na nilijua ni yake kwa sababu hapakuwa na mwingine mwenye sauti kubwa vile.

Walimpakia kwenye lori la kiwanda kumpeleka hospitali. Watu wote walikimbia uani. Mimi sikukimbia. Nilikaa, nikafungua lile faili. Mistari miwili ya mwisho ya namba tatu ilikuwa imefuatana. Kibwana ameomba, kibati kipo. Gaspari ameomba, kibati kipo. Saa ile ile, dakika ile ile, sekunde ile ile. Nikaenda kwenye programu, nikatazama mahali nilipotoa neno. Kabla ya saa sita mchana nilikuwa nimeshajua kila kitu ambacho nimewaeleza hapa.

Uchunguzi ulifanyika kantini, watu watatu mezani. Waliniita nije na karatasi niliyochapisha ya majina ya wenye vibati. Meneja ndiye aliyeuliza.

"Bi Zuhura, programu inasema kibati cha namba tatu alikuwa nacho nani?"

Kitu kile kilikuwa na nafasi ya jina moja tu, na jina la mwisho kuwekwa lilikuwa la Gaspari. "Inasema Gaspari," nikasema.

"Kibwana je?"

"Kwenye kibati hayupo."

"Ahsante."

Nilijibu nilichoulizwa. Nikasimama, nikatoka. Faili lilikuwa kwenye disketi ndani ya mkoba wangu, na mkoba ulikuwa mkononi. Orodha ya pili ya kupunguzwa ilikuwa inaandaliwa wiki zile, sote tulijua, na nyumbani nilikuwa mimi peke yangu mwenye kazi. Nawaambia hivyo ili mjue, siyo ili mnihurumie. Niliogopa, na kwa woga wangu nikamwacha mwenzangu abebe kosa langu.

Barua ya Kibwana ilisema aliingia kwenye mashine bila kibati, kwa uzembe. Yeye. Mtu aliyenifanya nirudie maneno mara tatu. Aliposomewa kitandani, mkono umekatwa juu ya kiwiko, niliambiwa kwamba alisema jambo moja tu, "Nilikuwa nacho, niliona," na wakamwambia programu haidanganyi. Akaachishwa kazi kwa barua hiyo, na kwa barua hiyo hakuna karakana mjini iliyomtaka, hata ya kusimamia tu. Akarudi Matombo na mkewe.

Kesho yake baada ya ajali nilikuwa nimelirudisha lile neno mahali pake, na kuandika faili nikakuhamishia nje ya kufuli. Dakika tano za kazi. Programu ikawa sahihi tena, na nyepesi vile vile. Hakuna aliyegundua kwamba nimeigusa. Iliendelea miaka mingi bila kumdhuru mtu, na nilisifiwa kwa ajili yake.

Gaspari hakukaa. Uchunguzi ulimsafisha, lakini mtu anajua swichi aliibonyeza kwa kidole chake. Alikuja kuniaga.

"Dada Zuhura," akasema, "ile skrini niliisoma vizuri kweli?"

"Uliisoma vizuri."

"Maana naota sikuisoma."

Ningeweza kumwambia pale pale. Nilimtakia safari njema. Akaenda Dumila, akawa anauza vitunguu na nyanya pale njia panda, na kila nilipopita kwa basi kwenda Dodoma niligeuza uso upande wa pili wa dirisha. Siku moja nilipita nikaambiwa amefariki, homa. Hakuwa ametimiza miaka hamsini. Alizikwa na ile ndoto yake.

Habari hiyo ndiyo iliyonitoa nyumbani. Miaka tisa ilikuwa imepita tangu siku ya tangi. Nikachapisha mistari miwili ya faili kwenye karatasi, nikapanda gari la Matombo, nikamaliza njia kwa miguu kati ya migomba. Nilimkuta Kibwana amekaa kibarazani, anakata majani kwa panga kwa mkono wa kushoto, kwa ustadi. Sauti ilikuwa imepungua.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Zuhura? Mwanangu! Karibu, karibu. Mama, tuna mgeni wa mjini!"

Alifurahi kweli kuniona. Hilo ndilo lililokuwa gumu kulibeba. Nikakaa kwenye mkeka nikamweleza, polepole, bila maneno ya kompyuta. Nikamwambia mliamka wawili, mkatazama wawili, mkakiona wawili, kwa sababu mimi nilitoa kufuli. Nikamwonyesha karatasi. Akaisogeza mbali na macho kama wafanyavyo wazee, akasoma jina lake kwa sauti, halafu neno "kipo".

"Kwa hiyo nilikuwa nacho," akasema.

"Ulikuwa nacho, fundi. Umekiomba sawasawa, umejibiwa."

Akainamisha kichwa. Nikadhani amekasirika. Alikuwa analia.

"Unajua nilishakubali," akasema. "Mwanzo nilibisha. Halafu nikasema, wameandika watu wenye elimu, pengine kweli nilijisahau. Wanangu nimewaambia mimi mwenyewe, baba yenu alifanya uzembe, msiwe kama mimi." Akamwita mkewe, akamfanya asikilize, akanitaka nirudie yote tangu mwanzo. Akamwita na jirani. Nikarudia. Kila nilipofika kwenye mistari miwili aligonga karatasi kwa kidole na kusema, "Unaona? Unaona?" Uso wake ulikuwa umefunguka, akawa yule yule wa karakana, akawa ananipa pole mimi. "Kukosea ni kazi, mwanangu. Mimi mwenyewe nimewahi kufunga mkanda kinyume ukatupiga nafaka mpaka barabarani. Jambo ni kwamba umegundua, umekuja."

Mkewe akaingia ndani kutayarisha chakula. Jirani akaaga. Tukabaki wawili, na kwa muda nilidhani imekwisha, kwamba nitashuka mlima nikiwa mwepesi.

Kisha akaikunja karatasi, akaiweka mfuko wa shati, akaniuliza kwa upole kabisa, kama mtu anayetaka tu kujua kazi ilivyokwenda.

"Uligundua lini?"

Ningeweza kudanganya. Mwaka jana, mwezi uliopita, yangepita. Nikasema, "Siku ile ile, fundi. Kabla ya saa sita."

Alitazama migomba. Akaniuliza tena, safari hii bila kunitazama, "Siku ile ile?"

"Siku ile ile."

Akaliweka panga chini, akajisaidia na nguzo kusimama, akaingia ndani. Nilisikia mlango wa chumba ukirudishwa, bila kubamizwa.

Mkewe akatoka na maji ya kunawa, kisha na sinia la ndizi na maharage, limepakuliwa watu wawili, upande wangu na upande wake. Akaniambia mzee atakuja. Tukangoja. Akaenda kumwita, akarudi peke yake, akakaa pembeni, akaangalia chini. Chakula kikapoa. Kukataa chakula cha watu ni kuwatukana, na nilikuwa nimeshawakosea vya kutosha. Nikanawa. Nikala upande wangu wa sinia mpaka mwisho, na upande wake nikauacha kama ulivyopakuliwa.